Embe la Kisimani na Ulimi wa Mwanarusi

Mwanarusi binti Stambuli hakuwa akila embe kama watu wengine. Alilihoji. Kwanza aliligeuzageuza mkononi, kisha akalinusa pale penye kikonyo, akaligonga kwa kidole kama anayebisha hodi, ndipo akalikata kipande chembamba, akakiweka ulimini, akafumba macho. Sisi majirani wa Mtongwe tulisimama kimya tukingoja. Akifumbua jicho moja, embe limepita. Akifumbua yote mawili na kutema, basi mwenye mti ajitayarishe kwa maneno.

Ulimi huo aliurithi kwa babake, aliyekuwa akiuza matunda karibu na kivuko cha Likoni. Mpanda feri hana muda wa kubembelezwa. Ukimuuzia embe bovu leo, kesho atapita akikutazama kwa pembe ya jicho. Kwa hivyo mzee alimfundisha bintiye kuchagua kwa pua na kwa ulimi, na binti akamshinda mwalimu wake.

Mwaka wa 1983 akaolewa na Faki, dereva wa lori la mafuta kule Changamwe. Faki alikuwa mtu mpole, asiyependa ugomvi, na ilikuwa heri yake, kwani Mungu alimweka katikati ya mke wa namna ile na mama wa namna yake. Mamake, Bi Kafedha, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweza kukaa kutoka adhuhuri hadi magharibi hajasema kitu, na bado ukaondoka kwake ukihisi umekaripiwa.

Shamba walilokuwa nalo liliachwa na marehemu babake Faki. Lilikuwa na miembe mingi, lakini hakuna aliyeipanda kwa mpango. Mtu alikula embe, akatupa kokwa, kokwa likaota, basi. Huu ulizaa makubwa yasiyo na utamu, ule ulizaa matamu yaliyojaa funza, na mwingine haukuzaa kitu ila kunguru. Msimu wa kwanza Mwanarusi alipopeleka magunia soko la Kongowea, mchuuzi alifungua gunia moja, akachungulia, akamuuliza:

"Mama, hili ni gunia ama ni mkutano? Naona kila kabila limeleta mjumbe."

Watu wa sokoni wakacheka mpaka wasukuma mikokoteni wakasimama kusikiliza. Mwanarusi naye alicheka, maana neno zuri alikuwa akilipa haki yake hata likimpiga yeye. Lakini alipopanda feri kurudi Likoni alikuwa ameshakata shauri. Shamba lile litapangwa. Kila mti utafanya mtihani.

Misimu miwili mizima alizunguka na kisu. Mti uliofaulu aliufunga kitambaa cha kijani: huo utabaki. Ulio na nguvu lakini tunda lake baya aliufunga cheupe: huo utakatwa kichwa na kupandikizwa aina bora, Ngowe au Boribo au Apple lile jekundu lililokuwa limeanza kuwapagawisha wanunuzi. Usio na hili wala lile aliufunga chekundu, na chekundu maana yake ni shoka. Mpita njia mmoja aliingia shambani akiuliza kama kuna maulidi.

Kazi ya kupandikiza aliifanya Tsuma, Mduruma mmoja mcheshi aliyejifunza ufundi huo katika kitalu cha miche. Alikuwa na kisu kikali kama ulimi wa Mwanarusi, na wawili hao walipatana siku ya kwanza.

"Kwa nini tusipande kokwa la ule mti mzuri tu?" Faki aliuliza.

"Kokwa ni mtoto wa mtu, bwana," Tsuma akajibu. "Humjui atamfuata nani. Lakini ukikata kitawi cha mti ukakiunga kwenye mche mwingine, ule ni mti ule ule, umehama nyumba tu."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kisimani. Hapo palikuwa na mwembe mmoja mrefu, wenye gome jeusi, ambao Bi Kafedha aliupanda mwaka alioletwa kama bi harusi. Mwanarusi alikuwa amelionja embe lake msimu wa kwanza, akalirudia msimu wa pili ili asije akadhulumu. Lilikuwa na nyuzi kama brashi ya kusugulia sufuria, na ladha ya mafuta ya taa. Isitoshe, mti wenyewe haukujua majira: miembe mingine ikizaa, wenyewe ulikuwa na matunda machache, miembe ikipumzika, wenyewe ndio unajaa. Akaufunga kitambaa chekundu.

Faki alipokiona, alimvuta mkewe kando.

"Huo ni mti wa mama."

"Naujua. Mamako hakusema kitu. Amepita hapo mara ngapi na kitambaa akakiona?"

"Mamangu kunyamaza si kukubali."

"Basi kamuulize wewe."

Faki aliingia ndani, akakaa mbele ya mamake, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za feri kuchelewa, akatoka. Hakuuliza.

Siku shoka lilipoletwa, Bi Kafedha alitoka na ndoo yake, akatazama, akasema neno moja tu: "Kisiki mniwachie cha kukalia." Wakakiacha kwa urefu wa kigoda. Na jioni hiyo akajitanda kanga mpya, ambayo maandishi yake yalisomeka hata ukiwa ng'ambo ya kisima: HUKUNIULIZA SIKUKWAMBIA. Mwanarusi aliisoma, akaisifia rangi.

Mwaka uliofuata Johari, dadake Faki, akaposwa na kijana wa Kisauni. Harusi ikapangwa iwe kubwa. Sasa, kwa watu wa Mtongwe, biriani ya nyumba ile ilikuwa na jina, lakini jina lenyewe lilitokana na achari. Achari ya embe ya Bi Kafedha ilikuwa ikikaa chupani mwaka mzima na bado kipande kikiingia kinywani kinalia *kwachu*. Mara hii, Bi Kafedha alimwita mkaza mwanawe, akamwonyesha vidole.

"Mikono yaniuma, mwanangu. Achari fanya wewe."

Mwanarusi aliichukulia kama heshima. Akachagua Ngowe mabichi, mazuri kuliko yote, akayakatakata, akayatia chumvi, akayaanika, akayatia siki na pilipili na haradali na bizari, kila kitu kwa kipimo alichomwona mavyaa wake akikitumia, ila maembe yenyewe siku zote aliyakuta yameshakatwakatwa. Akajaza mitungi, akaifunga, akasubiri.

Siku ya harusi masinia yalitoka, wageni wakanawa, wakasema bismillahi. Mwanarusi alisimama mlangoni akisubiri sifa. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mama wa Kisauni mwenye sauti ya kuadhini, alichota achari kwa kidole, akaitazama ikidondoka.

"Mashallah, biriani yenu nzuri," akasema. "Lakini huu uji wa embe mliotuwekea pembeni, kuna mgonjwa?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Hata bi harusi, ambaye kwa desturi alipaswa kuinama na kuona haya, mabega yake yalionekana yakitikisika chini ya mtandio. Mwanarusi alikwenda jikoni akafungua mtungi wa pili, kisha wa tatu. Uji. Vipande vyote vilikuwa vimeyeyuka.

Wageni walipotawanyika alimfuata Bi Kafedha chumbani, akaketi sakafuni karibu na miguu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe hunisalimu mara mbili kwa siku moja ila una haja."

"Achari yako ulikuwa ukitumia embe gani?"

Bi Kafedha alikunja mtandio wake polepole, akaulaza mapajani.

"La kisimani."

Mwanarusi akafumba macho. Hapakuwa na kitu ulimini, lakini alifumba.

"Lile lenye nyuzi?"

"Nyuzi ndizo mifupa yake. Embe laini huyeyuka kwenye siki, lile husimama. Wewe ulilionja likiwa limeiva, na lile likiiva hata popo halitaki. Mimi nimekaa na mti ule tangu ujana wangu, sijala tunda lake bivu hata moja. Huliwa bichi. Na huzaa wakati Likoni nzima haina embe, ukitaka kutia kwenye mchuzi wa papa utalipata wapi?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikwenda ukaliuliza embe. Mimi hukuniuliza."

Mwanarusi alilia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akalia tena, na Bi Kafedha akampa pembe ya kanga ajifute. Ilikuwa ile ile yenye maandishi.

Tangu kesho yake akaanza kutafuta. Kama mti ule ulitokana na kokwa, alijiambia, huenda una nduguye mahali. Alichukua kichupa chenye vipande vya mwisho vya achari ya zamani, akazunguka nacho kama mtu anayetafuta mwenye kiatu kilichopotea. Alikwenda Kisauni, akaonja embe bichi katika kila ua walilomfungulia. Alikwenda Changamwe, ambako miembe ilikuwa imevaa vumbi la malori, akaonja pamoja na vumbi. Kule Kongowea, mchuuzi yule wa "mkutano" alimwona akitafuna maembe mabichi bila chumvi, akamwuliza kwa upole kama ni mimba. Meno yalimfa ganzi hata wali ukawa adui yake. Kwa muda alikuwa akila uji tu, na Faki, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akathubutu kufanya mzaha: akasema labda ndio ule uliobaki harusini.

Hakuupata. Alionja makali, machungu, machachu ya kutoa machozi, lakini hakuna lililosimama.

Alasiri moja akarudi amechoka, akapitia kisimani kunawa miguu. Bi Kafedha alikuwa amekaa kwenye kisiki chake, fimbo mkononi, kama alivyokaa kila alasiri tangu mti ukatwe. Sote tulidhani ni huzuni. Mbuzi mmoja wa jirani alijongea, na yule bibi akamchapa pua kwa wepesi usiolingana na umri wake.

"Mama, mbuzi amekukosea nini?"

Bi Kafedha akainuka, akavuta pembeni matawi ya miiba aliyoyalaza nyuma ya kisiki. Machipukizi matatu yalikuwa yamesimama pale, manene kama penseli, majani yake mekundu yakianza kugeuka kijani.

"Mti ukikatwa juu ya mzizi wake hufa kwa wasio na subira," akasema. "Mnadhani niliomba kisiki kwa kuwa sina mkeka?"

Mwanarusi alipiga magoti pale pale kwenye matope. Alitaka kushika, Bi Kafedha akamzuia kwa fimbo ile ile ya mbuzi.

"Nipe kitawi kimoja, mama. Kimoja tu, Tsuma akakipandikize. Ukiendelea kuwa mmoja, siku moja utapotea kweli."

"Ndio nisemavyo na mimi. Lakini mwana wa watu haombwi kwa magoti ya matope. Anayeposa alete mshenga."

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania. Ilibidi posa ije kama posa za watu. Tsuma alivalishwa kanzu ya Faki iliyomfika juu kidogo ya vifundo, akafanywa mshenga. Faki alibeba halwa na birika la kahawa, na Mwanarusi akakaa nyuma na wanawake, kimya, jambo ambalo wengine walikuja kulitazama kwa macho yao. Tsuma akasema amekuja kuomba jiko kwa niaba ya mche mmoja wa embe, yatima, mwenye afya, aliyelelewa katika mkebe wa samli.

"Huyo mche ana tabia gani?" Bi Kafedha akauliza.

"Hanywi, havuti, na hatoki nje usiku."

"Na mizizi yake?"

"Mizizi anayo, Bi mkubwa. Kilichompungukia ni kichwa."

Hapo Bi Kafedha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakohoa. Akadai mkaja wake, kama mama yeyote wa bi harusi, akapewa kanga. Nayo ilichaguliwa na Mwanarusi: SASA NAULIZA.

Tsuma alikata vitawi viwili, chipukizi la tatu akaliacha kisikini liwe mti tena. Akavigawa vipandevipande, akaviunga kwenye miche kadhaa, akavifunga kwa ukanda wa plastiki. Mingine ilinyauka. Miwili ikashika, na Mwanarusi aliikagua kila asubuhi kabla ya kupika chai. Miche hiyo ikapandwa mbali na mbuzi, na kutoka kwayo, miaka iliyofuata, vikatolewa vitawi vingine. Mtindo wa mtihani nao ukabadilika: sasa kila embe lilionjwa likiwa changa, likaonjwa lilipopea, likaonjwa limeiva, na kabla ya kisu kutoka alani wenye nyumba waliulizwa wanalila na nini. Kazi ikawa ndefu mara tatu, na vitambaa vyekundu vikapungua.

Mwaka wa 1991 miche ile ikazaa vya kutosha. Ilikuwa Agosti, hakuna embe jingine Likoni. Achari ya kwanza ilipofunguliwa tuliitwa wote. Mwanarusi alitia kipande kinywani, akafumba macho, na kabla hajafumbua jicho tulisikia *kwachu*, tukapiga vigelegele.

Ndipo ukaja mjadala wa jina, kwani wachuuzi wa Kongowea walikuwa wameanza kuuliza embe lile waliite nini.

"Tutaliita Kafedha," Mwanarusi akatangaza. "Ni haki yako, mama."

Bi Kafedha akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Jina langu watu walitafune na pilipili? Hasha."

"Basi Mwanarusi," Faki akajaribu.

"Mimi niliukata mti wake," mkewe akasema. "Haliwezi kuitwa kwa jina la muuaji wake."

Wanawake wale wawili wakatazamana, kisha kwa pamoja, polepole, wakageuza macho yao kwa Faki, aliyekuwa akilamba kidole pembeni bila ya hatia.

"Huyu," Bi Kafedha akasema, "amezoea kutafunwa na sisi sote."

Na ndivyo lilivyoitwa. Siku za Agosti, Faki akipitisha lori lake karibu na Kongowea, aliwasikia akina mama wakinadi kwa sauti: "Faki mchanga hapa! Faki mkali! Njoo uonje Faki, hamung'unyiki!" Alikuwa akifunga dirisha la lori, joto na liwe joto, akikanyaga mafuta huku akitabasamu.