Mwanamke wa Chumbani kwa Asainar

Suhra wa nyumba ya pili ndiye aliyeileta habari, tena alianza kuimwaga kabla hajavua viatu.

"Nyie mmelala tu humu. Babu yenu Asainar kaingiza mwanamke chumbani."

Mama yake Nafla akaacha kuchambua mchele. "Mwanamke gani?"

"Nitamjulia wapi? Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia. Anaimba, ananyamaza, anaanza tena palepale. Sauti ya kibinti! Na mkewe udongo wa kaburi haujakauka."

"Suhra, yule meno yote yamemwisha."

"Kwani huyo bibi anamtaka atafune?"

Nafla alikuwa pembeni akimnyonyesha mwanawe. Kicheko kilimpanda, lakini alipoutazama uso wa mama yake akakimeza.

Huko Kuttichira, mjini Kozhikode, India, mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Hupewa chumba, na hata akiota mvi bado ni bwana harusi wa nyumba ile. Asainar aliingia hapo akiwa kijana mwenye nywele za mafuta, akaishi na mkewe Kunjipathu, mama mdogo wa mama yake Nafla, mpaka alipomzika. Ila chumba ni cha mwanamke, na baada yake ni cha binti zake. Kunjipathu hakuzaa binti. Alizaa Shamil peke yake, na Shamil yuko Sharjah, Uarabuni. Kwa hiyo chumba kilikuwa kimeshapangiwa mdogo wake Nafla, anayeolewa baada ya Idi. Hakuna aliyemwambia mzee usoni. Walianza tu kumwekea masufuria ya harusi humo ndani, moja baada ya jingine, mpaka kitanda chake kikasogea ukutani.

"Funga dirisha la upande wake," mama alimwambia Nafla Suhra alipoondoka. "Na mtoto mbembelezee huku jikoni. Sitaki nyumba isemwe."

Nafla akafunga. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mzee chai ya rangi yenye ndimu, na alijua mle ndani hamna mwanamke. Mlikuwa na mashine.

Shamil alikuwa amemletea baba yake kicheza muziki, kijisanduku cheusi cha kuvuta nyimbo mtandaoni, na ndani yake akamwekea nyimbo za mama. Kunjipathu alikuwa mwimbaji wa harusi, upande wa wanawake. Asainar naye alikuwa fundi wa vipaza sauti wa harusi hizohizo, na miaka ile alimrekodi kwenye kanda. Sasa kanda zimekuwa tarakimu, na tarakimu hazisikiki mpaka zipite kwenye kigeuzi kinachozirudisha kuwa sauti. Kicheza muziki kilikuwa na kigeuzi chake cha ndani. Mzee akasikiliza, akasema hicho ni cha mtoto kuchezea, akaagiza kingine.

Kile cha kwanza kilikuja kidogo kama kiberiti. Hakikumridhisha. Cha pili walikileta wazee wenzake wa klabu ya muziki, wakakijadili kana kwamba wanamposea mtu mke.

"Waya huo, Asainar! Ukipitisha huo, uchafu wa umeme unaingia wote."

"Uchafu uko masikioni mwako. Tia ule wa mwanga, haupitishi umeme."

"Huyu! Jana kashindwa kuwasha feni, leo anatufundisha waya."

Waliweka ghazali za zamani, wakafumba macho, wakatikisa vichwa. "Asali hii," walisema. Asainar akawashukuru na kuwasindikiza mpaka mlangoni. Wimbo aliokuwa akiutaka hakuwawekea hata mara moja.

Cha tatu kilitoka Chennai, kizito, cha mtindo wa zamani. Siku hiyo alimwita Nafla.

"Ingia, mjukuu wangu. Mlango uache wazi, mama yako aone."

"Babu, wanasema umeoa."

"Wanasema? Basi biriani yangu iko wapi?"

Aliunganisha polepole: waya mmoja kutoka kwenye kicheza muziki hadi kwenye kigeuzi, kisha nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, hadi kwenye amplifaya. Sauti ya kicheza muziki aliiacha juu kabisa ili kigeuzi kipate kila kitu. Ya kupunguza ni ya amplifaya tu. Taa ya buluu ikawaka.

"Wale wa klabu masikio wanayo," alisema. "Lakini bibi yako aliniapisha. Siku nilipopitisha kipaza sauti chini ya pazia la wanawake alisema, 'Rekodi, ila mwanamume mwingine asinisikie.' Na mimi masikio yangu spika zimeyala nusu, siyaamini. Utanisikilizia wewe. Ubeti wa tatu, baada ya jina la bwana harusi, alicheka, halafu akakohoa. Vigeuzi vyote hivyo vimekimeza kile kicheko. Nambie kama na hiki kinameza."

Nafla akamlaza mtoto begani, akasikiliza. Sauti ilitoka safi, nyembamba, ya msichana asiyemjua. Bibi alikuwa na sauti ya mikwaruzo, akipiga sinia kwa kiganja, wanawake wakimchokoza huku na huku. Hapa sinia halikuwepo. Wanawake hawakuwepo. Ubeti wa tatu ukafika, jina la bwana harusi likapita, na baada yake kukawa kimya, kimya kilichooshwa kama sahani.

"Rudia, babu."

Akarudia. Nafla aliziangalia zile nyaya mmoja mmoja, akiomba aone hata mmoja uliolegea.

"Babu, kanda zenyewe ziko wapi?"

"Shamil alizipeleka dukani hukohuko Sharjah. Akaniambia, 'Baba, nimekusafishia, wametoa kelele zote.' Zilikuwa na ukungu, akazitupa."

Mkono wake ulibaki juu ya kigeuzi.

"Kelele," alisema.

Nafla akamsogeza mtoto begani.

"Kwa hiyo hiki hakina kosa."

"Hakina, babu."

"Na vile viwili?"

"Navyo havina."

Mzee akazima. Akachomoa waya mwekundu, akachomoa mweupe, akazikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Nafla!" mama aliita uani. "Toka humo, sufuria kubwa inaletwa!"

Asainar akavuta miguu yake kitandani ili sufuria ipate mahali.

"Ule wimbo unaombembelezea mwanao," alisema taratibu, "ni yeye aliyekufundisha?"

"Ndiyo, babu. Nikiwa mdogo."

"Ubeti wa tatu unakohoa."

Nafla akaona haya. "Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo."

Mzee aliinamisha kichwa. Nje, sufuria iligonga kizingiti.

"Siku hizi sikusikii," alisema. "Najua umeambiwa. Lakini mpaka siku watakaponihamisha, mwanangu, usilifunge lile dirisha."