Nilivyokaza usukani wa trekta la kaka

Trekta la kaka yangu mkubwa lilikuwa bovu miaka kumi na tisa, halikumchubua hata ukucha.

Nikamaliza kulitengeneza Jumatano. Alhamisi likamlalia.

Najua mmesikia mengi. Haya ndiyo niliyoyaona mimi.

Ubovu ulikuwa kwenye usukani. Ulilegea vibaya, unazungusha robo duara nzima ndipo tairi za mbele zianze kusikia. Kaka alipoendesha mikono haikutulia, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka watu wakambandika jina la Koroga.

Aliyenifuata gereji ni mkewe.

"Shemeji, nikazie huo usukani kabla haujanifanya mjane."

Kaka akaingia nyuma yake anacheka. "Mwache huyo. Mimi na trekta langu tumezoeana kama mke na mume."

"Mke gani huyo, ukimwambia kushoto anafikiria kwanza?"

"Si ndio wake wenyewe hao!"

Shemeji hakucheka. Nikachukua jeki.

Chini nilikuta balaa. Viungo vya tairodi, vile vyuma vinavyovuta tairi za mbele, vimeisha, unavitingisha kwa mkono kama jino la mtoto. Bushi zimelika. Boksi la usukani nalo limelegea ndani.

Siku mbili nililala chali. Viungo vipya, bushi mpya, boksi nikalikaza taratibu mpaka nikaridhika. Kila nati nikaitia pini yake.

Nikaliendesha trekta uani mwenyewe, usukani nauzungusha kwa kidole kimoja. Safi kabisa.

"Kaka, chukua. Sasa ukilitazama tu linakata kona."

Kesho yake asubuhi alitoka nalo kwenda kulima. Ili uingie shambani kwake lazima ukate kona, upande kivuko cha udongo juu ya mtaro. Kivuko chenyewe ni chembamba, kila upande unabakiwa na shubiri mbili tu.

Hakufika shambani.

Tulimtoa mtaroni watu tisa. Daktari alimchomachoma sindano miguuni, akamuuliza kama anasikia. Kaka akasema, "Anza basi." Alikuwa ameshachomwa mara sita.

Maneno yakaanza siku hiyohiyo. Fundi kasahau nati. Mlitegemea nini kwa mtu aliyeishia darasa la tano?

Shemeji alikuwa ananiangalia tu mikono.

Na mimi niliamini. Nilisema moyoni, nimemvunja kaka yangu kwa nati moja.

Siku ya tatu nilishuka mtaroni na tochi, nikajipenyeza chini ya lile trekta. Nikagusa nati moja moja. Zote zipo. Pini zote zipo. Viungo vimekaza kama nilivyoviacha.

Nilitoka mbio na matope yangu mpaka wodini.

"Shemeji, si mimi! Nimekagua kila kitu, nati zote zipo!"

Nilisema kwa furaha. Mungu anisamehe, niliruka kabisa, mbele ya mtu asiyeweza kukaa.

Kaka akafungua macho. "Mimi nimesema ni wewe? Usukani ulikuwa mzuri."

"Sasa ilikuwaje?"

"Hata sielewi. Nilifika kwenye kona, nikakata kama siku zote."

"Kama siku zote vipi?"

Akatoa mikono chini ya shuka, akashika usukani wa hewani. Akazungusha.

Nusu duara.

Miaka kumi na tisa, robo ya kwanza ilikuwa inapotea bure, robo ya pili ndiyo inakata kona. Mikono yake haikujua namna nyingine. Na mimi nilikuwa nimemwondolea ile ya bure, nusu nzima ikakata, tairi zikapitiliza kivuko.

Nikamweleza. Nisingeweza kunyamaza.

Shemeji aliketi pale sakafuni. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuomba," akasema.

Kaka akamwambia, "Acha, mama watoto." Mimi akaniambia si kosa langu. Afadhali angenitukana.

Mafundi wenzangu, chombo kikikaa kibovu miaka mingi, mwili wa mwenyewe unajifunza ule ubovu. Ukikitengeneza, usimwambie chukua. Mpeleke uwanjani, apande yeye, ajaribu kona polepole mpaka mikono isahau, na wewe utembee pembeni yake.

Jumatano ile, kaka alipoliwasha kuondoka gereji, aliniita nipande twende wote mpaka kwake.

Nilimwambia atangulie. Nilikuwa nanawa grisi.