Mawe ya Wajawazito Mbele ya Leza

Mwenzangu wa maabara alikuwa na mimba ya kwanza, na kila siku saa nne asubuhi alikuwa anaketi kwenye ngazi za nje akitafuna mawe. Yale meupe ambayo wajawazito hununua sokoni Thika, yanayonukia kama mvua ikianza. Alikuwa ananikaribisha. Mimi nilikuwa namwambia asante, sina mimba, naye anacheka mpaka anakohoa vumbi.

Sote wawili tulisomea jambo moja katika chuo kilicho karibu na Kahawa Wendani: jinsi urani iliyo kwenye maji inavyojishika kwenye madini ya udongo. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule jicho lisiouona, inakurudishia mwanga wa kijani. Ukisoma kijani hicho, na muda kinaochukua kuzimika, unajua urani imeshika wapi, na kama imeng'ang'ania au imeegemea tu. Mashine yetu ilikuwa nzee. Ng'ambo kulikuwa na maabara yenye leza, ambako sampuli hugandishwa kwa baridi kali na kila kitu husomeka wazi, na profesa wetu alikuwa amepewa nafasi moja ya mwanafunzi. Moja, na sisi wawili. Niliitaka hadi nikawa napiga mswaki huku nikijibu maswali ya wenyeji wa huko.

Mimi nilichimba udongo wangu Thika, shambani kwa mama. Huku kwetu mtu akitaka kukusifia shamba anaokota udongo, anaufinya, anakuambia, "Ona." Ni mwekundu, unashika viatu hadi vinakuwa vizito. Sikufikiria udongo mwingine hata dakika moja. Nikauloweka kwenye maji ya urani, nikauosha, nikauweka mbele ya taa. Giza. Nikarudia, giza tena. Chuma ndicho kinachoupa udongo wetu ile rangi, na chuma hicho hicho huuzima mwanga wa urani kabla haujatoka. Nilikuwa nimefundishwa hayo darasani, na bado nilibeba debe zima.

Mwenzangu akatwanga vitafunio vyake kwenye kinu, yale mawe meupe yasiyo na chuma, akayaloweka kwenye maji yale yale ya urani. Basi! Kijani kikaonekana kwenye skrini, vilele vimejipanga vizuri. Profesa akavuta kiti akaketi. Kwangu huwa anasimama.

Mwenye wivu ajinyonge, watu husema, lakini mimi nilikuwa na shughuli. Nilimpa hongera kwa meno tu. Jumapili, kanisani Ruiru, mchungaji alituomba tushukuru kwa baraka za jirani, nikatazama viatu vyangu. Halafu, pale pale kwenye benchi, nikaanza kuhesabu miezi ya mimba yake kwa vidole, nikaona kwamba wakati wa safari ukifika hatakubaliwa kupanda ndege. Nikaimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa.

Ikawa hivyo. Profesa alituita ofisini, akaniambia, "Utaenda wewe." Nikiwa bado natafuta uso wa unyenyekevu, akaongeza, "Utampimia mwenzako mawe yake." Udongo wa mama haukupata nafasi hata kwenye begi. Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyenifungia unga wa yale mawe, akafunga mara mbili, akaniambia, "Chunga, dada." Nilibeba kazi ya mtu kwenye mapaja njia nzima, na roho inaniuma.

Kule, leza ikapiga na kijani kikatoka safi kuliko chochote nilichowahi kuona. Watu wa maabara wakaniuliza nani alifikiria kutumia mawe ya kuliwa. Nikawaambia ukweli, kwa Kiingereza kifupi.

Kisha nikampigia simu ya video. Alikuwa kitandani, mtoto kifuani, nywele hazijachanwa. Nikamwonyesha mashine, nikamwonyesha mstari wa kijani ukipanda. Akasema, "Dada, nitakuambia ukweli. Nakuonea wivu mpaka nataka kulia."

Nikamwambia arudie, simu inakatika. Haikuwa inakatika.