Kipimio Nisichokijaribu

Laiti ningekataa kumwambia baba uongo ule, hata kama binamu yangu angenicheka. Nimeubeba mpaka nimechoka.

Leo fundi kijana amekuja kwangu hapa Mikumi kutengeneza umeme. Alipopangusa ncha za kipimio chake cha umeme kwa spiriti, harufu ile ikanirudisha Kilosa, kwenye meza ya baba.

Baba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha katani. Kila asubuhi nilipangusa kipimio chake cha mkono, nikarudisha mshale kwenye sifuri kwa bisibisi ndogo, kisha nikakijaribu kwenye betri ya tochi. Mshale usipocheza, kipimio hakiendi kazini.

Jumamosi moja binamu yangu alinisubiri dirishani.

"We naye! Jana si kilikuwa kizima? Mwambie umeshapima, twende Masanze, mpira unaanza."

Baba akaingia akifunga mkanda.

"Umekijaribu?"

"Ndiyo, baba."

"Mshale umecheza?"

"Umecheza."

"Ahsante, mwanangu," akasema, akakitia mfukoni.

Waya mmoja wa kipimio ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake la plastiki, pasipoonekana. Kiwandani baba alipima mtambo, mshale ukalala kwenye sifuri, akaamini umeme umezimwa. Akashika nyaya kwa mkono mtupu.

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na ufundi wake ukaishia hapo. Alikufa akiamini kwamba alikosea yeye, na mimi sikuwahi kumwambia ukweli.