Kofia ya Mdachi Nyumbani kwa Bibi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini niliipitisha ndani ya mtumbwi, ubao mweusi nimeubeba kichwani kama mwavuli. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni pale Kibiti, nikashika nafasi ya kwanza (tulikuwa wanne, lakini kwanza ni kwanza), na serikali ikaniajiri kufundisha kisomo, yaani yale madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Kituo changu kilikuwa Maparoni, huko kwenye delta ya Rufiji. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata nikadhani tumekwisha kuihama dunia. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wavuke maji. Na mbu wa kule, ninyi vijana msinibishie, walikuwa wakubwa kiasi cha kubisha hodi kabla ya kuuma.

Darasa la Maparoni halikufuata saa, lilifuata maji. Yakijaa, wanafunzi walifika na mitumbwi yao. Yakianza kupwa, waliondoka, hata kama herufi iko nusu ubaoni. Nadhani hadi leo wapo wazee kule wanaoijua K ya upande mmoja tu.

Huko ndiko nilikojifunza sheria kubwa ya kazi yetu: mtu mzima hasahihishwi mbele za watu. Ukimwumbua baba wa watoto sita mbele ya shemeji yake, kesho humwoni. Basi nikabuni utaratibu wangu. Mfuko wa kulia nilitia kunde. Mwanafunzi akikosea, nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, kimya kimya, huku natabasamu. Darasa likiisha tunakaa wawili pembeni, namwaga za kushoto kiganjani, na tunazipitia kosa kwa kosa.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Kibiti, chini ya Bwana Mratibu wa Elimu, mtu ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi wa kukatia mkate. Siku moja akaniita ofisini.

"Mwalimu, unapenda kuongea?"

"Kiasi tu, Bwana Mratibu."

Alicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. "Basi nimekupatia kazi ya kuongea kiasi. Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu, Mjerumani. Anataka kukizoea Kiswahili, kisha asikie habari za Vita vya Majimaji kutoka kwa wazee. Utakaa naye Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri. Akituondokea na nongwa, unarudi Maparoni ukasalimiane na mbu wako."

Mwanafunzi huyo aliitwa Matiasi. Alikuwa mrefu hata akitaka kuingia ndani, alianza kuinama tangu barabarani. Siku ya kwanza alimpa shikamoo mtoto wa miaka minne, halafu akamwambia Bwana Mratibu "hujambo", kama anasemezana na mjukuu. Kunde zilizohama mfuko siku ile zingetosha kulisha harusi.

Tulikaa barazani mwa ofisi, kwenye benchi, chai ya tangawizi katikati yetu. Mwanzoni alitafuta kila neno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nami nilingoja, maana kungoja ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Wiki zikapita. Akanisimulia kwao, theluji inavyoshuka bila sauti mpaka mtu ukasikia moyo wako. Akanisimulia mama yake mshonaji, na baba yake ambaye ukimwuliza habari za zamani huenda kukagua dirisha kama limefungwa. Mimi nikamsimulia mafuriko ya Rufiji, jinsi mto unavyoingia shambani na kumwachia mtu udongo mpya kama zawadi. Ikafika mahali nikawa naota mji wake, mimi niliyekuwa sijavuka hata Kilwa. Naota natembea juu ya theluji peku, nayo ina joto kama unga uliotoka kinuni. Nilipomwambia, akasema yeye usiku uliopita ameota mikoko inatembea.

Mwezi wetu wa tatu wa mazungumzo nikampeleka Mchukwi kwa Bibi Somoe, shangazi wa marehemu mama yangu. Wakati wa Majimaji alikuwa mtoto mdogo, na baba yake alikwenda vitani asirudi. Tulipofika uani akaupokea mkono wa Matiasi, akaniuliza, "Huyu wa wapi?"

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Niliona mchi umeegemea kinu, nikaona mchi ule na kichwa cha mgeni wangu havina umbali. "Mnorwe, bibi," nikasema. "Kwao samaki tupu. Wanakula samaki asubuhi, mchana, jioni. Hata watoto wao huzaliwa wanaogelea."

Basi nikawa nimemfunga Matiasi kwa kamba yangu mwenyewe. Alhamisi nne tulikwenda Mchukwi, na Alhamisi zote nne Bibi Somoe alimpikia Mnorwe wake samaki: perege, kambare, kambare tena. "Kula, mjukuu wangu, usione haya. Kwenu wanawavuaje?" Matiasi, ambaye samaki hampendi hata kwa picha, alimeza na kubuni majibu. Habari za vita hazikuguswa.

Siku ile ya nne, tukirudi na baiskeli, akashuka ghafla na kusimama.

"Mwalimu, zimebaki Alhamisi mbili. Nitaondoka nimejaa samaki, neno sina."

"Si umwulize tu ya vita?"

"Siwezi. Babu yangu aliteremka Mohoro na bunduki, katika vita hivyo hivyo. Nikimwuliza habari za baba yake bila kumwambia hilo, namwibia."

"Na akikufukuza? Atakuwa amefunga mlango, na wazee wengine wote watasikia."

"Anifukuze mimi. Sasa hivi anamkaribisha mtu ambaye hayupo."

 Mbu wa Maparoni niliwasikia wakinoa midomo.

Alhamisi iliyofuata tulimkuta Bibi Somoe uani anapepeta mpunga. Makapi yalielea juani, yakakataa kutua, kana kwamba hewa imegeuka maji. Matiasi hakukaa mkekani. Akakaa chini, mchangani, kofia yake ya majani magotini.

"Bibi, mwalimu alikudanganya, na mimi nikanyamaza. Mimi si Mnorwe. Mimi Mjerumani, Mdachi mnavyosema wazee. Babu yangu alikuja hapa vitani, na bunduki."

Ungo ukasimama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni juu ya kunde, ukabaki pale pale. Kuku mmoja akapita katikati yetu taratibu kama hakimu.

Bibi alinitazama mimi kwanza. "Na uongo nao uliusomea shule ya jioni?"

"Nisamehe, bibi."

 Akainuka polepole, akamzunguka Matiasi, akasimama nyuma yake. Nikautafuta mchi kwa macho. Halafu Bibi akainama, akaipokonya ile kofia magotini mwake, akaivaa juu ya ushungi wake.

"Mngoni alikuja na mkuki, akatupiga," akasema. "Leo Mngoni nani?"

"Mtani wetu, bibi."

"Mdachi naye alikuja, akatupiga, akaenda zake. Hakurudi kuomba utani. Huyu amerudi." Akaikaza kofia kichwani. "Basi hii yangu! Na samaki wangu wote utawatapika, Mdachi mwizi we!"

Niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Utani wa makabila, wazee wetu walisema, mara nyingi ulitokana na vita. Watu walipigana, wakachoka, wakapatana kwamba tangu leo tutatukanana kwa kicheko, tutanyang'anyana vitu bila kununa, na ukifa wewe, mimi nitakuja kukuzika na kuwachekesha wanao. Matiasi hakuyajua hayo. Alinitazama amepauka.

"Cheka," nikamnong'oneza. "Ukinuna umeharibu."

Akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, kikaishia machozini, na Bibi akamwachia mpaka kikaisha.

Ndipo aliposimulia. "Baba alikwenda Ngarambe kwa miguu, kwa mganga wa dawa ya vita. Alirudi na maji ndani ya kibuyu, akatunyunyizia watoto wote. Yalikuwa baridi, yananukia mtama. Nikajiona mwepesi, kama nikikanyaga mto sizami. Akasema risasi zitageuka maji. Alikwenda na furaha, wajukuu zangu, kama aendaye harusini." Akaukung'uta ungo. "Risasi zikabaki risasi. Ikaja njaa, tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini. Lakini lile tone bado nalisikia."

"Wapi, bibi?" Matiasi akauliza.

Akachovya kidole katika kata ya maji, akamgusa kipajini. "Hapa."

Tuliporudi Kibiti niliingiza mkono mfukoni. Kunde zote zilikuwa mfuko wa kulia. Sijui kama hakukosea hata neno, au ni mimi niliyesahau kazi.

Matiasi aliondoka kichwa wazi. Mimi baadaye nilihamishiwa Mchukwi, na huko huko nikastaafu. Watu huniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile. Nawaambia nilifundisha nusu ya watu wa Pwani, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi. Ila kazi yangu hasa ilikuwa kukaa na mtu mpaka aseme alilokuja kusema.

Bibi Somoe alipofariki nilimwandikia Matiasi. Maziko hakuyawahi, arobaini aliiwahi. Aliingia uani kipara kimeanza, akapita katikati ya wafiwa moja kwa moja hadi ukutani ilipotundikwa kofia ile. Akaivaa, akapinda mgongo, akatembea mwendo wa Bibi kabisa, akapaza sauti: "Wapi samaki wangu? Mdachi amewamaliza!"

Wajukuu waliangua kicheko, wakalia, wakacheka tena. Mzee mmoja akamwambia, "Mtani, leo kofia yako ichukue. Aliyekunyang'anya hayupo."

Matiasi akaivua, akaifuta vumbi, akaitundika palepale.

"Nikiichukua," akasema, "nitarudi kudai nini?"