Hamira ya Samaki

Jirani wa Vailet, mfuga samaki wa pale Mkuza, hupima joto la maji ya hamira kwa kiwiko, kama Vailet apimavyo ya kumwogeshea mwanawe. Huyamimina kwenye pumba na dagaa wa kusaga, akakanda taratibu, ili chakula kidogo kisagike vizuri tumboni mwa samaki na kiwatoshe. Mumewe ameshaapa: samaki wasipokua kwa kiroba hiki cha chakula, bwawa analifukia.

"Mama watoto, hao unawakaangia maandazi?"

"Yako yapo jikoni, nenda kale."

Leo kiroba kingali nusu, kabla ya hamira kingeshakwisha. Kavua perege mmoja, kamlaza kiganjani. Mwezi uliopita walikomea vidoleni. Huyu mkia umepita kifundo cha mkono. Akamrudisha majini kwa mikono miwili, na mumewe akauliza jioni wanalishwa saa ngapi.