Siku Masega ya Gari Yalipoziba Kirua Vunjo

Niliondoka Soweto, hapa Moshi, kwenda Kirua Vunjo kumchukua mama yangu kwa sababu ya macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na madaktari wa macho waliotoka Dar walikuwa wakipokea wagonjwa hospitalini mjini kwa mara ya mwisho siku ile, mwisho saa nane mchana. Tatizo ni kwamba mama alikataa kushuka. Si upasuaji aliouogopa, ni mimi. Alituma neno kwa watu wa kanisani: "Mwambieni mwalimu, sipandi gari linaloshuka mlima limekufa."

Nieleze. Nafundisha hesabu Kibosho, na kila jioni nikirudi mjini nilikuwa nazima swichi, naliacha gari ndani ya gia lijishukie lenyewe hadi bondeni. Nilijisifu sana kwa kubana petroli. Wenzangu walinionya, nikawaita wabadhirifu wenye wivu. Na mama naye nilimpangia ujanja: nitafungulia redio kwa sauti, hatajua kama injini imezimwa. Mungu anisamehe, mtu na mama yake!

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mke wangu alinipakilia trei ya mayai ya kumpelekea mama mkwe wake. Lami mpaka Uchira ilikwenda vizuri. Nikakata kushoto, mlima ukaanza, na gari likaanza visa. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Nakanyaga, halisogei, linahema kama mgonjwa wa pumu. Halafu ikaja harufu. Mayai viza!

Nikasimama kandokando ya migomba bila kuzima injini, nikimsema mke wangu kwa sauti ingawa hayupo. Nikavunja yai moja nione. Zima kabisa, kiini kimesimama. La pili, zima. Nilikuwa kwenye la sita niliposikia kicheko nyuma yangu.

"Yeleuwi! Mwalimu, unafungua kibanda cha chipsi mayai?"

Alikuwa Mama Anna, jirani wa mama yangu, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Mayai yananuka, Mama Anna."

"Hayo mbona mazuri? Kinachonuka ni gari lako." Akautua mzigo. "Na mama yako ameshavaa kitenge cha Pasaka, yuko barazani tangu alfajiri. Anasema atasikiliza kwanza gari linavyokuja, ndipo aamue."

Nikatazama saa. Saa mbili ilikuwa imepita, na gari halipandi. Mama Anna akaniambia nisubiri, akaenda kumwita Fundi Sabas, anayetengeneza mashine za kumenya kahawa hapo juu.

Fundi Sabas alikuja anatembea taratibu, nikataka kumkimbiza kwa fimbo. Kwanza alisogeza yale majani ya ng'ombe mbali. "Chini ya gari kuna jiko, mama," alisema. Nikainama: bomba lilikuwa limeiva, jekundu. Akachuma kipande cha jani kavu la mgomba, akakishika nyuma ya ekzosi.

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Jani lilitikisika kidogo tu.

"Gari lako halipumui. Moshi hauna pa kutokea. Hata mashine ya kahawa maganda yakiziba inagoma hivihivi."

Tukangoja bomba lipoe. Akalegeza nati mbele ya kile kidude kinene kilicho katikati ya bomba, akaacha upenyo, akaniambia nikanyage tena. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote hadi kuku wakatawanyika! Kisha akakishusha kidude chenyewe, akakitikisa. Kikalia kama mkebe wa kokoto.

"Masega haya," akasema. "Ndiyo yanayosafisha moshi. Yameyeyuka, yameanguka, yameziba njia. Hiyo harufu ya yai viza ni yao. Sasa niambie, unaliendeshaje gari hili?"

"Kawaida tu."

"Mficha uchi hazai, mwalimu."

Nikamwambia. Alinitazama kwa huruma.

"Swichi umezima, lakini gari lako ni la kabureta, na matairi yanaizungusha injini. Inaendelea kunyonya petroli vilevile, haiichomi, inaitema humu. Ukiwasha tu, petroli hiyo inaungulia kwenye masega."

"Kwa hiyo sikuwa nabana kitu?"

"Ulikuwa unaimwaga."

Mama Anna alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, ningefanyaje? Rahisi huvunja upishi. Fundi akatoa vipande vyote vya masega kwa nondo, akafunga mabomba, akaniambia hiyo ni dawa ya leo tu. Nitafute masega mazima mjini. Nikampa mayai yaliyobaki. "Aika mbe," akanishukuru kwa Kichaga.

Saa tano na nusu niliingia kihambani, shamba la nyumbani kwa mama, gari linaunguruma kama trekta. Alikuwa amesimama barazani, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari limepatwa na nini?"

Nilimweleza yote, hata ule ujanja wa redio. Aibu ilinijaa. Akapapasa mlango wa gari, akaingia mbele. Tulipoanza kushuka mkono wangu ulikwenda kwenye swichi kwa mazoea.

"Weka mkono kwenye usukani," alisema, yeye asiyeona.

Tulipofika Uchira alikuwa amelala fofofo. Saa saba na nusu tukaandikishwa hospitalini, na jioni ileile akapasuliwa jicho la kulia.

Kesho yake, kabla madaktari hawajaondoka, walimfungua bandeji ya jicho hilo. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake, akanitazama mimi muda mrefu. Machozi yalinitoka, nakiri.

"Mwanangu," akasema, "petroli ulibana, lakini nywele zimekwisha!"

Wodi nzima ilicheka.

Nilimrudisha Kirua wiki iliyofuata, nimeshafunga masega mazima. Njia nzima alinitangazia: bati jipya la fulani, kahawa iliyoiva, ng'ombe wa Mama Anna. Nimejifunza kwamba anayekuonya si lazima awe anakuonea wivu. Wakati wa kuagana aliniambia, "Nitakaa hapa barazani nisikilize unavyoshuka."

Gari sasa lilikuwa limetulia mno, asingelisikia mbali. Basi nilishuka injini ikiwaka, nikimpigia honi kila kona, hadi Uchira.